Kura Moja Iliyolazwa Hospitalini

Siku ya kwanza nilipoingia chumbani kwa yule mgonjwa, binti yake alikuwa anamwambia kwa Kifaransa kwamba akipanda ndege atafia angani. Daktari alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, mikono mfukoni, akisubiri. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mvi, na alipoona kitambulisho cha ukalimani shingoni mwangu alishusha pumzi.

"Afadhali umefika," akaniambia kwa Kiingereza. "Mimi nimesema sentensi mbili, binti yake ameongea dakika tano. Tuanze upya."

Nilijitambulisha kama ninavyojitambulisha kila siku, kwa lugha zote mbili. Nilisema mimi ni mkalimani, kwamba lolote litakalosemwa na yeyote chumbani humo nitalitafsiri, siongezi wala sipunguzi. Nikamalizia na maneno ambayo watu huyasikia bila kuyatilia maanani: usilotaka litafsiriwe, usiliseme mbele yangu.

Mgonjwa alinitazama. Alikuwa mzee mwenye mwili mkubwa, miguu imepita ukingo wa kitanda, nywele nyeupe amezichana nyuma kama mtu anayengoja kupigwa picha.

"Madame ni wa wapi?"

"Bukavu. Kongo."

"Kumbe na ninyi mlifundishwa lugha hii na wakoloni ili muwaelewe wao," akasema. "Basi leo tuelewane sisi."

Nikamtafsiria daktari hayo pia. Daktari akacheka, na mzee akapenda kwamba nimeyatafsiri.

Dirishani alikuwepo mtu wa tatu, mwanamume wa miaka hamsini hivi, suti ya kijivu, simu mbili mkononi. Alikuwa katibu wa chama cha mzee. Walikuja pamoja Washington kwa mkutano wa nchi za visiwa vidogo, na siku ya pili mzee akaanguka mbele ya lifti ya hoteli, akazimia. Ndipo alipoletwa hapa, upande wa Montgomery, nje kidogo ya Washington, karibu na nyumba ya binti yake aliyeolewa Rockville.

Daktari alieleza taratibu. Mlango mmoja wa moyo, ule unaopitishia damu kwenda mwilini, umekazana na kuwa mwembamba. Unaweza kuwekwa mwingine kwa kupitia mshipa wa pajani, bila kupasua kifua. Lakini ifanyike haraka.

"Sisemi kwamba akisafiri atakufa," alisema. "Nasema anaweza kuzimia tena, na huko juu hakuna wa kumsaidia. Mimi singemruhusu."

Mzee aliuliza jambo moja tu. "Baada ya siku tisa naweza kuwa nimesimama?"

"Tukikutengeneza, ndiyo. Kusimama. Si kusafiri saa ishirini."

Katibu aligeuka akatazama nje. Binti alishika mkono wa baba yake. Sikujua bado siku tisa zilikuwa za nini.

Nilizijua kesho yake, na nilizijua kwa namna ya kuchekesha. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii alikuja na fomu yake kumuuliza mgonjwa anaishi na nani na nyumbani nani atamsaidia. Mzee akajibu kwa kusimulia miaka thelathini ya siasa. Yule dada alijaribu mara mbili kumrudisha kwenye fomu, kisha akaweka kalamu chini akasikiliza, nami nikatafsiri mpaka koo likanikauka.

Alizaliwa kwenye kisiwa chembamba kiasi kwamba ukisimama katikati unaona maji pande zote mbili. Ujana wake alikuwa mwendesha simu ya upepo. Kila habari iliyoingia kisiwani ilipita masikioni mwake kwanza: nani amefiwa mjini, meli imekwama wapi, mtoto wa nani amefaulu. Hakuwahi kutoboa siri ya mtu, na kwa sababu hiyo tu walimchagua meya. Kutoka umeya akaingia katika baraza la kutunga sheria la visiwa vyote. Visiwa hivyo si nchi huru, ni jimbo la mbali la dola kubwa, lakini vina baraza lake, serikali yake, na rais wake anayechaguliwa na wabunge wenyewe.

Chama chake hakikuwahi kupita viti vinne. Wakati huo kilikuwa na viwili, cha kwake na cha mwanamke aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi katika visiwa vya mbali. Lakini katika baraza ambalo vyama vikubwa viwili vinakaribiana, mwenye viti viwili ndiye anayebembelezwa. Mzee alihama upande mara nne. Wapinzani wake walimwita Kaa, kwa kuwa anatembea kandokando.

"Mara ya kwanza nilipohama nilirudi na meli ya kila wiki mbili," alisema. "Mara ya pili, matangi ya maji kwenye visiwa sita. Mara ya tatu, bweni la wasichana ili wasome mjini bila kulala kwa watu. Mara ya nne nilirudi na uwaziri na gari lenye bendera. Hiyo ya nne ndiyo inayoniuma."

Sasa serikali ilikuwa imeangushwa kwa kura ya kutokuwa na imani. Baraza lilipaswa kuchagua rais mpya baada ya siku nane zilizobaki, na kambi mbili zilikuwa zimelingana kabisa. Mwenye kura ya kuvunja ulingano alikuwa amelala Rockville na dripu mkononi.

"Hakuna njia ya kupiga kura ukiwa mgonjwa?" mfanyakazi wa ustawi akauliza.

"Ipo. Naweza kumwachia mwenzangu kura yangu kwa maandishi. Lakini lazima kiambatanishwe cheti cha daktari, na cheti kinasomwa mbele ya baraza zima. Watakaosikia nimelazwa watagawana nguo zangu kabla sijaamka."

Kwa hiyo kule kwao walijua tu kwamba bado yuko kwenye mikutano. Kila mchana, kwao kukiwa ndiyo kwanza kunapambazuka, alikalishwa kwenye kiti, akavaa shati, akapiga simu za video huku ukuta wa nyuma umefunikwa kwa pazia. Alizungumza na kambi zote mbili kwa sauti ya mtu mzima wa afya. Akikata simu, wauguzi walimrudisha kitandani akihema.

Siku ya tatu katibu alinisubiri kwenye korido, karibu na mashine ya kahawa. Alisema kwa upole.

"Madame, wewe ni Mwafrika, unajua mambo haya. Tunaweza kuikosa serikali kwa sababu ya mtu mmoja asiyefika. Daktari huyu ni mwoga wa kesi, Wamarekani wote ndivyo walivyo. Leo akisema ni hatari, wewe mwambie mzee kwamba anaweza kusafiri akiwa na oksijeni. Ni neno moja tu."

"Siwezi, monsieur."

"Hakuna atakayejua."

"Binti yake anajua Kiingereza."

"Binti nitamwondoa chumbani."

Niseme kwa nini sikutikisika, maana si wema. Zamani, kambini Burundi, kabla sijaletwa Marekani, jirani yangu aliniomba nimtafsirie kwenye mahojiano ya wakimbizi. Nilimhurumia, nikaongeza neno moja ili kisa chake kiwe kizito zaidi. Neno hilo halikulingana na aliyosema mara ya kwanza, wakamwona mwongo, faili lake likarudi chini kabisa. Mimi nilipanda ndege. Yeye nilimwacha pale na watoto watatu. Nilisafisha vyumba vya hoteli huku Alexandria, ng'ambo ya mto kutoka Washington, miaka minne nikimfikiria, na nilipoingia kozi ya ukalimani, mwalimu aliposema "usiongeze," mimi nilikuwa nimeshajifunza.

Nikamwambia katibu, "Hapana," nikaingia chumbani.

Daktari alikuwa anamuuliza mzee kama amewahi kuzimia kabla ya siku ile ya hotelini. Mzee alifungua mdomo, lakini katibu akamwahi kwa Kifaransa, chinichini: "Usimwambie habari za kule ofisini na za kanisani. Atakufungia kabisa."

Nikamgeukia daktari. "Katibu anamwambia mgonjwa asikuambie habari za ofisini na za kanisani, kwamba ukizijua utamfungia kabisa."

Binti aliziba mdomo kwa kiganja.

"Hayo yalikuwa maneno ya ndani!" katibu akanifokea.

"Yamesemwa mbele yangu, monsieur. Nilieleza siku ya kwanza." Na hayo nayo nikayatafsiri.

Mzee alinitazama kwa hasira, nami nikaona jinsi alivyokuwa anatisha alipokuwa waziri. Kisha akakiri. Ameanguka mara mbili kabla ya hapo. Mara moja ofisini, mara moja kanisani wakati wa wimbo, watu wakadhani amepiga magoti.

Katibu alisema mimi sijui kazi, kwamba ninabadilisha maneno, kwamba anataka mkalimani mwingine. Daktari hakubishana naye. Aliagiza ile tableti yenye magurudumu ya kuwapata wakalimani kwa video, akatokea mwanamume kwenye kioo, sijui aliketi jimbo gani, daktari akarudia yote tangu mwanzo. Yule wa kwenye kioo akayasema vilevile nilivyoyasema mimi, ila kwa Kifaransa kizuri zaidi. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Inatosha," akasema. "Nimeelewa mara mbili. Nitasafiri Jumamosi."

Binti alilia. Daktari alimwambia kwamba ni haki yake, mtu mzima hafungwi hospitalini, ila atasaini fomu kwamba ameelewa hatari na anaondoka kinyume cha ushauri. Wakapanga iwe kesho, Ijumaa, saa sita mchana. Nikaandika kwenye daftari langu.

Nilikuwa nasubiri lifti wakati katibu alipotoka nyuma yangu na simu sikioni. Hakunijali. Nadhani kwake nilikuwa kitu cha hospitali, kama kile kioo cha magurudumu. Na kwa sababu alikulia mji mkuu wa visiwa, lugha ya visiwa vya mbali hakuijua, hivyo mambo yake yote aliyasema kwa Kifaransa.

"Daktari amekataa, lakini mzee atasaini," alisema. "Jumamosi namtoa... Sikiliza. Akifika, atapiga kura nasi, nitahakikisha. Asipofika, mimi ndiye ninayefuata kwenye orodha ya chama. Kwa vyovyote vile kura mnayo. Ninyi kumbukeni wizara yangu tu."

Lifti ikafunguka. Nikaingia. Yeye alibaki nje akiendelea kuongea.

Nilikaa garini katika maegesho kwa muda mrefu bila kuwasha injini. Nilirudia maneno yale kichwani nikiyapima kama ninavyopima maneno ya watu kila siku. Hakuna aliyesema mzee adhuriwe. Mtu alikuwa anahesabu kura tu, na katika hesabu yake mzee kufia angani kulikuwa sawa na mzee kufika salama. Je, hilo ni tishio? Au ndiyo siasa? Kwetu nimeona watu wakihesabiwa hivyo, na nimeona waliohesabiwa wakizikwa.

Nikampigia msimamizi wangu wa kazi, mama Mkenya mwenye ofisi kule Lanham, si mbali na ninapoishi. Hatukutaja jina la mgonjwa, hatutaji kamwe.

"Hiyo uliisikia kwa session ama nje?" akaniuliza.

"Nje. Kwenye lifti."

"Basi hukuisikia."

"Mama, huyu mtu anaweza kufa."

"Daktari amemwambia anaweza kufa?"

"Amemwambia."

"Umemwambia kwa lugha yake, ameelewa?"

"Mara mbili."

"Sasa wewe unataka kumwambia nini kingine? Ya kwamba rafiki yake ni mbaya? Dada, hiyo si kazi ya interpreter. Ukianza kubeba maneno ya korido, kesho hakuna mgonjwa atakuamini, na mimi nitakupoteza. Kama angesema atamfanyia kitu, ungeambia nesi saa hiyo hiyo. Hajasema. Enda nyumbani, upumzike."

Alikuwa sahihi, na usahihi wake haukunisaidia kitu. Niliendesha kwenye Beltway, barabara kuu ya mzunguko, hadi nyumbani bila kukumbuka hata njia panda moja. Nilipika, nikaunguza. Mume wangu alinitazama akaniuliza kama kuna mtu amefariki. Nikamwambia, "Bado." Hakuuliza tena, anaijua kazi yangu.

Ijumaa nilifika nusu saa mapema nikakaa mapokezi, mbali na korido ile. Saa sita kasoro nikaingia na daktari. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti, amevaa suruali, shati na viatu. Begi lilikuwa mlangoni. Fomu ilikuwa juu ya meza ndogo ya chakula, na kalamu juu yake. Daktari aliisoma aya kwa aya, nami nikaitafsiri aya kwa aya. Kuzimia, moyo kusimama, kifo. Binti alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akitazama sakafu. Katibu alisimama nyuma ya kiti cha mzee.

"Una swali?" daktari akauliza.

"Ninalo," mzee akasema, "lakini si lako. Ni la katibu wangu. Nataka nimwulize mbele yako, na Madame atafsiri."

Daktari alipepesa macho. "Ni la matibabu?"

"Linahusu safari."

Daktari akaitikia kwa kichwa. Mzee hakugeuka nyuma. Alimwuliza katibu huku akitazama mbele, mahali nilipokuwa nimesimama.

"Wamekuahidi nini ukinifikisha?"

Nikatafsiri.

"Hawajaniahidi chochote," katibu akajibu mara moja. "Natumikia chama. Wewe unanijua."

Katika miaka yangu yote ya kazi nimetafsiri uongo mwingi. Wagonjwa hudanganya kuhusu pombe, waume kuhusu michubuko ya wake zao. Lakini huwa sijui, nashuku tu, na shaka haina uzito mdomoni. Safari hii nilijua. Nilimgeukia daktari nikasema kwa Kiingereza, kwa nafsi ya kwanza kama sheria inavyotaka: Hawajaniahidi chochote. Natumikia chama. Wewe unanijua.

Mzee hakuwa anamtazama katibu. Alikuwa ananitazama mimi.

"Na nisipofika?" akauliza.

"Utafika, Mheshimiwa."

Nikatafsiri: Utafika, Mheshimiwa.

Alinitazama kwa muda ambao sikuweza kuuhesabu. Nilijitahidi uso wangu usiwe na kitu. Nilitazama kalamu. Hata leo sijui uso wangu ulisema nini, na kama ulisema, sijui kama nilikuwa nimeuruhusu.

Kisha akanyoosha mkono, akaisogeza ile kalamu pembeni.

"Nipe simu," akamwambia binti yake.

Akapiga. Upande wa pili ikasikika sauti ya mwanamke aliyeamshwa usingizini, na mzee akaanza kuongea lugha ambayo sikuwahi kuisikia mdomoni mwake, lugha ya kisiwa chake, yenye irabu nyingi, laini, ndefu. Katibu alisogea mbele. Nilimwona akisikiliza kwa bidii, na nikaona kwamba haambulii hata neno.

"Anasema nini?" daktari akaniuliza.

"Wanaongea lugha nisiyoijua," nikajibu. Nadhani lilikuwa jibu la furaha kuliko yote niliyowahi kutoa kazini.

Binti aliijua. Aliinua uso, machozi yakaanza kumtoka, lakini safari hii hakuyafuta. Mazungumzo yalichukua kama dakika kumi. Mzee alipokata simu alirudi kwenye Kifaransa.

"Daktari, naomba cheti. Andika ukweli wote, ugonjwa na siku. Nimemwachia mwalimu kura yangu."

"Mheshimiwa!" katibu akasema. "Watakisoma mbele ya baraza! Wiki ijayo huna chama!"

"Najua."

"Umemwambia ampigie nani kura?"

"Sikumwambia. Nimemwambia asihame bila kurudi na kitu."

Katibu akachukua simu yake kutoka dirishani, akatoka bila kumuaga mtu. Begi lililokuwa mlangoni alilikanyaga akakaribia kuanguka.

Jioni hiyo alikuwa ameshanishtaki. Barua yake kwa kampuni yetu ilisema nimeegemea upande, nimemshawishi mgonjwa kwa ishara za uso. Nikasimamishwa kazi wiki mbili uchunguzi ukifanyika, kwa hiyo Jumatatu mzee alipoingizwa chumba cha upasuaji, mkalimani alikuwa mwingine. Sikuwa na haki ya kuuliza habari zake. Nilikaa nyumbani nikifua mapazia.

Kwenye kikao cha uchunguzi tulikuwa watu watatu mezani. Msimamizi wangu alisoma maelezo ya daktari, kwamba kila neno lilitafsiriwa, na kwamba yule wa kwenye kioo alithibitisha. Kisha akaniuliza swali lililobaki.

"Ulimpa mgonjwa ishara yoyote? Kwa uso, kwa macho?"

"Sijui," nikasema.

Mwenzake alitaka niseme hapana, nilimwona akinisaidia kwa macho. Lakini sikuwa na hapana. Wakaniandikia onyo moja, nikarudi kazini. Msimamizi alinisindikiza mpaka mlangoni. "Ungesema tu no," akanong'ona. Nikamwambia singeweza kuitafsiri.

Mzee nilimwona tena baada ya miezi mitatu, kliniki, akija kupimwa. Alikuwa amekonda, anatembea mwenyewe, rangi imemrudia. Daktari alipomuuliza maendeleo, alianza na ya baraza kabla ya moyo, na kwa kuwa yote yalisemwa chumbani, yote niliyatafsiri.

Mwalimu alikuwa ameshika kura mbili kwa siku sita bila kumwambia mtu yeyote atakwenda wapi. Kambi zote mbili zilimfuata nyumbani kwa dada yake, wakubwa wa vyama wakikaa kwenye viti vya plastiki wakingoja zamu. Hakutaka wizara. Alitaka muuguzi wa kudumu katika kila kisiwa cha mbali chenye watu, na ndege ya wagonjwa isiyosubiri saini ya mjini. Kambi iliyomwahidi katibu ilisema italifikiria. Ile nyingine iliandika na kutia sahihi. Siku ya kura cheti cha mzee kikasomwa barazani, wabunge wakaguna, mwalimu akapiga kura mbili, rais akapatikana kwa tofauti ya kura hizo mbili.

"Na wauguzi?" daktari akauliza. Alikuwa ameshasahau kipimo cha presha mkononi mwake.

"Wawili wameshafika. Wengine tunasukuma."

Lakini aliyoyatabiri katibu nayo yalitokea. Mkutano wa chama ulimwondoa mzee uongozini kwa sababu ya afya, wengi wao wakiwa vijana aliowaingiza yeye. Akaona hawezi kuwa mbunge wa Rockville, akajiuzulu kiti. Na kwa sheria yao, kiti kikamwendea anayefuata kwenye orodha. Katibu sasa alikuwa mbunge, akiketi bega kwa bega na mwalimu.

Binti yake aliyasema hayo kwa uchungu. Mzee alimnyamazisha kwa mkono.

"Kiti ni chake kisheria," alisema. "Nilijua tangu siku ile. Kura ile ndiyo haikuwa yake."

Daktari akamwambia apandishe mkono wa shati. Presha ilikuwa nzuri. Akamwuliza kama anaweza kupanda ngazi bila kuhema, naye akasema nyumba ya binti yake ina ngazi kumi na nne, anapumzika ya tisa. Daktari akasema akifika ya kumi na nne bila kupumzika, atamruhusu apande ndege.

Aliruhusiwa mwanzoni mwa kiangazi.